Vyombo vya Somoe

Nyie vijana mnaosimamisha magari yenu madogo hapa barazani kwangu Mbagala, mnashuka, mnaniamkia, kisha mnaniuliza njia ipi rahisi ya kubebea mizigo, najua mnachokitaka. Mnataka niseme keria, au tela, au kwenda na kurudi, halafu mwondoke. Nitasema yote hayo, maana ndiyo kazi iliyonilisha mpaka mgongo ukakataa. Ila leo nitaongeza na habari moja ambayo huwa naipitia mbali. Nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu, natazama chini.

Kazi yangu ilikuwa kuhamisha wapangaji. Mtu anatoka chumba kimoja Kijichi anahamia Chamazi, ana kitanda, godoro, kabati la nguo, jiko, ndoo na sufuria. Akimwita mwenye kanta, lori dogo lile, anatajiwa bei ya mtu anayehama na nyumba nzima. Akimwita mwenye guta ni nafuu, lakini guta ni baiskeli ya mizigo, linasukumwa na miguu ya mtu. Kilima kikianza, na maneno yanaanza. Basi ananipigia mie. Gari langu lilikuwa dogo la milango mitano, rangi ya maziwa, nililolinunua nikidhani nitakuwa nalo la kwendea misibani na harusini. Nikafungua kiti cha nyuma nikakitoa, nikachomelewa keria ya vyuma juu ya paa, maisha yakaendelea.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Mtepa, aliyeanza na mkokoteni Kariakoo akaishia na gari kama langu. Alikuwa mkali na mchache wa maneno. Siku ya kwanza aliniona nimejaza magunia ya unga nyuma kabisa, mlango wa buti haufungi, akaniambia niendeshe hadi mwisho wa mtaa nirudi. Niliporudi akaniuliza usukani ulikuwaje. Nikamjibu kwa furaha kwamba ulikuwa mwepesi sana. Akanitazama kama mtu anayetazama maiti inayotembea. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, alisema, ujue mzigo umekaa mkiani, pua ya gari imeinuka, na tairi za mbele zinagusa lami kwa adabu tu. Kizito kikae chini, mgongoni mwa viti vya mbele. Chepesi na kipana ndicho kinapanda juu. Tairi za nyuma ziongezwe upepo kidogo kabla ya kupakia, zipunguzwe ukishashusha, la sivyo gari tupu litakurusha kama mpira.

Kamba nilijifunza kwa kuumbuka. Nilikuwa nampeleka dada mmoja na vitu vyake, nikalifunga godoro juu ya keria kwa kamba moja ya katikati, nikaona limetulia. Barabara ya Kilwa ilikuwa nyeupe, haina magari, siku hiyo nami nikakanyaga. Upepo ukaingia chini ya godoro kwa mbele, likasimama, kisha likaruka na kutua mbele ya meza ya muuza machungwa. Nilipotazama pembeni nilidhani abiria wangu ameruka nalo, kumbe amejishusha chini ya kiti asionekane. Godoro lile lilikuwa na ramani za miaka mingi ya watoto, na sasa lilikuwa limelala chali mbele ya watu wote. Mwenye machungwa aliuliza la nani. Mwenye mali akaninong'oneza niseme ni langu. Nikasema ni langu.

Tangu siku ile kamba ya kwanza naifunga mbele, kwenye chuma, kamwe siyo kwenye plastiki ya bampa. Nikienda mwendo mfupi nasimama, nakaza tena, kwa sababu mzigo ukitikisika unakaa na kamba inalegea. Na godoro nalikunja upande wenye ramani uwe ndani, nalifunika turubai. Wateja walinipendea hilo. Mtu akihama, mtaa mzima unasimama kumkagua. Juu ya mkokoteni kila mtu anaona ndoo yako yenye ufa. Ndani ya gari dogo hakuna anayejua. Nalisema hili ili mjue kwamba sikuwa mjinga wa aibu za watu. Nilizijua vizuri sana.

Tela nililijaribu. Linabeba vingi, na mzigo wake uko chini, gari haliyumbi. Lakini liungwe kwenye chesi, chuma kile cha chini ya gari, na fundi anayejiheshimu, liwe na taa zake, na ujue kwamba ukirudi nyuma linakwenda kinyume na unavyotaka. Vichochoro vyetu vya mchanga vilinishinda. Nilikwama mbele ya msikiti watu wakitoka swala, wakanisukuma na kanzu zao nyeupe, sikulirudia tena. Springi za nyuma ukiongeza, gari litabeba, ila likiwa tupu kila shimo litakufikia kwenye meno. Na njia nafuu kuliko zote ni kutafuta gari kubwa linalokwenda tupu upande wako. Kanta iliyoshusha mchanga hairudi na kitu. Mwenyewe ukimwongezea mafuta kidogo anakubebea. Nimewaelekeza watu wengi huko nikapoteza kazi yangu mwenyewe, na sikujuta.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Binti yetu Somoe aliposwa na Hamisi, kijana mpole aliyefahamiana naye kazini, kwenye duka la dawa. Wazazi wake Hamisi wako Mbezi Beach, wastaafu wa maofisini, nyumba yenye geti, na nyuma yake kijumba ambacho wawili hao walipewa waanzie maisha. Mke wangu, Mama Somoe, alikuwa amekusanya vyombo vya mwanawe kwa miaka: leo sufuria, kesho seti ya sahani, mwaka mwingine friji dogo. Juu ya vyote kilikuwako kitanda cha mninga. Kaka yake, mchongaji, alikuja kutoka Newala akakaa kwetu uani akikichonga kichwa cha kitanda kile, majani na ndege, mpaka majirani wakawa wanaleta wageni wao kuja kukitazama. Somoe alikuwa akipita anakipapasa kama mtu anayepapasa mgongo wa mbuzi wake.

Vyombo vilitakiwa kwenda Jumapili, siku iliyofuata harusi, ambayo kwao Hamisi kulikuwa na karamu. Mama Somoe aliniambia mapema. Tukodi kanta, alisema, vyote viende mara moja, na wanawake wetu wakae humo humo waimbe. Tena akasema baba mzazi hapelekagi vyombo vya mwanawe; hata kama ni gari langu, nimpe mtu aendeshe. Nilimcheka. Mie nahamisha mji mzima, leo nimlipe mtu anihamishie mwanangu? Jirani yetu mwenye kanta alikuwa anakwenda Tegeta, mbele ya Mbezi, kupakia matofali Jumapili hiyo hiyo, gari tupu, na akajitolea kwa moyo mmoja. Nikamkatalia. Nilimwambia kanta yake ina vumbi la matofali. Ukweli ni kwamba nilitaka wakwe zangu waone kazi yangu.

Nikapiga hesabu kama nilivyozoea. Vyombo vile vilitosha safari tatu. Kanuni ya kazi ni kuanza na vinavyovunjika, wakati macho bado mazima na barabara bado tupu. Kwa hiyo sahani na glasi kwanza, friji na jiko pili, kabati na kitanda mwisho, maana mbao hazivunjiki. Kwa kazi, hakuna kosa hapo. Hata Mzee Mtepa asingenisahihisha. Ila ndani ya gari haikubaki nafasi ya hata mtu mmoja wa kuimba.

Nilifika mara ya kwanza asubuhi. Nilivaa ovaroli langu la bluu. Hamisi alikuwa ametumwa stendi kuchukua wageni, wazazi wake wako ndani na wazee wenzao. Waliotoka kupokea ni wanawake wa ukoo wake waliotoka Singida kwa ajili ya harusi. Harusini wanaume tulikaa upande wetu, kwa hiyo hawakunijua. Walikuja na vigelegele, ngoma ndogo, kanga za sare. Nikafungua buti. Wakachukua maboksi ya sahani, wakaimba, kisha nikawaona wanatazama barabarani nyuma yangu. Walikuwa wanatafuta gari. Mmoja akauliza kama vingine viko njiani, nikasema viko njiani. Nilikuwa nimekusudia kujitambulisha. Nilipoona macho yao yanatafuta lori lisilokuwepo, nikapanda gari nikaondoka.

Mara ya pili vigelegele vilikuwa vya watu wawili, na vilikatika njiani. Friji la watu haliimbiwi peke yake. Wakalibeba kama watu wanaosaidia tu. Shangazi yake Hamisi, mama mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, alisimama kibarazani, mikono kiunoni, akasema kwamba kwao vyombo huja siku moja, haviji kwa vipande kama maji ya dumu. Wenzake wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimeinama nafungua kamba. Nikaifungua polepole kuliko inavyohitaji.

Njia nzima ya kurudi Mbagala nilijua nilichokifanya. Nilimfikiria yule jirani na kanta yake tupu. Lakini kitanda kilikuwa bado uani, na Mama Somoe alikuwa amekifuta kwa mafuta ya nazi mpaka kinang'aa. Aliniuliza wamepokeaje. Nikasema vizuri. Akatabasamu, akaenda kunisaidia kukaza kamba.

Nilipofika mara ya tatu watu walikuwa wameshakaa chini ya turubai wanakula. Muziki umefunguliwa. Magari ya wageni yamejaa mbele ya geti. Mlinzi akaja dirishani, akatazama mbao juu ya keria, akaniambia mizigo ya wapishi inapitia mlango wa nyuma. Ningeweza kumwambia huu si mzigo wa wapishi. Nikazunguka nyuma.

Huko ndiko kulikokuwa na jiko la shughuli: masufuria makubwa, moshi, maji ya kuoshea mchele yanatiririka chini. Mlinzi alinisaidia kushusha. Kichwa cha kitanda tulikiegemeza ukutani karibu na kuni, ndege na majani yao wanautazama moshi. Hakuna aliyeimba. Mpishi mmoja alitundika kitambaa chake juu yake.

Shangazi akatoka, mkononi ana sahani tupu. Aliponiona akasema kwa sauti yake ile, bila hasira, kama mtu anayesema jambo linalojulikana:

"Dereva, mwambie huyo baba yake bibi harusi, mtoto hapelekwi kama anahamishwa kwa kudaiwa kodi."

Wapishi waliacha kukoroga. Nilikuwa na kamba mkononi. Maneno yalikuwa mafupi tu: ndiye mimi. Nikayatafuta mdomoni, nikakuta mengine.

"Nitamfikishia," nikasema.

Hapo nikainua macho. Somoe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, hina haijapauka mikononi, kanga mpya, ananitazama. Alikuwa amesikia. Nikaona kifua chake kinapanda, anataka kusema. Nikamtikisia kichwa, kidogo tu, asiseme. Kisha akamgeukia shangazi akamwambia kwa adabu kwamba dereva ametoka mbali, apewe chakula.

Sahani ililetwa. Nikakaa kwenye ubao wa kitanda chake. Somoe mwenyewe akaja na birika na beseni la kunawia, akapiga magoti kwenye yale maji machafu na kanga yake mpya, akanimiminia mikono. Akasema chini kwa chini, "Shikamoo." Nikaitikia. Shangazi akamsifu mbele ya wapishi kwamba bibi harusi huyu amelelewa, hadi dereva anampigia magoti. Pilau ile niliimaliza yote, kwa sababu kuiacha kungezua maswali.

Hesabu za kuficha hazifiki mbali. Haikupita wiki mbili, wakwe wakatuma habari wanakuja Mbagala kutushukuru, na shangazi atakuwemo kabla hajarudi Singida. Nilifikiria kuwa na msiba Kigamboni. Nilifikiria kuumwa. Mama Somoe alikuwa ananipigia pasi kanzu, anaimba, nikakosa pa kuanzia.

Walikuja wamevaa vizuri, na zawadi. Wanaume walitangulia tukasalimiana. Kisha akaingia shangazi, akaninyooshea mkono, akaanza kuniambia habari za hapa, na sentensi ikamfia mdomoni. Akakaa kwenye mkeka. Chumba kizima kilikuwa kinaongea isipokuwa yeye na mie, na Somoe, aliyekuja nao na sasa anagawa vikombe.

Baada ya muda shangazi akasema taratibu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mkwe, ule ujumbe wangu uliufikisha?"

"Niliufikisha."

"Akasemaje mwenyewe?"

"Amesema umesema kweli."

Akavuta upindo wa mtandio akajifunika uso. Mabega yakamtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote. Aliomba radhi. Nikamwambia hakuna radhi anayodaiwa, nami nikasikia uso wangu unawaka hadi masikioni. Mama Somoe akauliza ni ujumbe gani huo. Somoe akawahi kujibu kwamba ni mambo ya vyombo tu, mama. Mara ya pili ananisitiri, na safari hii ndani ya nyumba yangu.

Walipokuwa wanaaga nilimvuta Somoe kando, penye gari. Nilimwambia najua nimemwaibisha kwa kile kitanda, na kwamba kama ningekodi kanta, kingepita geti la mbele kikiimbiwa. Alitikisa kichwa. Alisema kitanda kiko chumbani kwake na kila mgeni anakisifia, geti lilisahaulika siku ile ile.

"Basi ni nini?" nikamuuliza, maana nilimwona bado ana kitu.

Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha gari kwa kidole.

"Nilipokuamkia, baba, uliniitikia 'marahaba, dada'."

Sikuwa najua. Wallahi sikuwa najua. Ndivyo nilivyozoea kuwaitikia wateja. Nilikuwa nimejificha ndani ya udereva vizuri mno, hata mwanangu alipopiga magoti kwenye matope kunitafuta, hakunikuta.

Jioni ile nilimweleza Mama Somoe kila kitu, kuanzia vigelegele vya kwanza. Alisikiliza akichambua mchele. Nilitegemea makelele. Alipomaliza ungo mzima akasema tu kwamba aliniambia kanta, akaingia ndani, na kwa siku kadhaa alinipakulia chakula bila kuniuliza kama kimetosha.

Kwa hiyo mkiniuliza njia nafuu ya kubeba mzigo kwa gari dogo, majibu mmeyapata. Vizito chini, kamba mbele, tafuteni kanta inayokwenda tupu. Lakini kabla hujamtajia mteja bei, muulize nani atasimama mlangoni kuupokea. Kama hakuna, gawanya safari utakavyo, usiku wake alale akiwa amebakiza senti zake. Kama kuna watu watakaoimba, mpeleke kwa mwenye gari kubwa, hata kama unapoteza kazi. Baba mmoja aliyenijia wiki ile ile waliyokuja wakwe, ana vyombo vya bintiye, nilimpeleka kwa jirani yangu wa kanta. Akadhani namdharau, akaondoka amenuna. Sikuwa na uso wa kumweleza.

Na mkiitwa dereva, itikeni bila kuona haya. Ni jina la kazi, limewalisha wengi. Mie haya yangu haikuwa kuitwa dereva.

Somoe ana watoto sasa. Hunipigia simu karibu kila siku, na mara nyingi inanikuta hapa barazani katikati ya watu kama nyie. Akisema shikamoo tu, naitikia kwa sauti mpaka mnageuka kunitazama: marahaba, mwanangu. Siku nyingine anacheka. Siku nyingine hacheki, anaendelea tu na habari zake.